Elasticsearch bila hifadhidata nyuma yake: nini hasa huharibika

Mara nyingi hakuna aliyeamua. Timu inaanza na hifadhidata ya kawaida, PostgreSQL au MySQL, na duka la mtandaoni la vipuri vya magari. Wateja wanatafuta "shokomzoba noah", wengine wanaandika "shokapu", wengine "shokamzoba", na hifadhidata, ambayo kwa kawaida inalinganisha herufi kwa herufi, inawajibu kuwa hakuna kitu ilhali stoo imejaa. Mtu mmoja anapendekeza Elasticsearch, injini ya utafutaji. Inasimikwa jioni, na kesho yake utafutaji umebadilika kabisa: unavumilia makosa ya tahajia, unapanga majibu kwa uzito, unachuja kwa bei na modeli ya gari papo hapo. Baada ya muda kuna mifumo miwili inayobeba taarifa zilezile, na kila wakati mmoja uko nyuma ya mwenzake. Ndipo kwenye kikao anatokea mtu na swali la haki kabisa: kama kila kitu kimo humu, na hiki ndicho chenye kasi, ile nyingine tunailipia seva ya nini?

Jibu ambalo husikika vijiweni ni kwamba Elasticsearch si hifadhidata. Jibu hilo ni jepesi mno. Inapokea data, inaziandika kwenye diski, inazinakili kwenye seva zaidi ya moja, na ukiziomba kwa kitambulisho inakurudishia kama ulivyozileta. Mtu akiiita hifadhidata mimi simkatalii. Shida iko kwingine. Injini ya utafutaji imesanifiwa kwa kuamini kwamba data zake zina asili mahali pengine, na kwamba siku yoyote unaweza kuitupa faharasa yote ukaijenga upya. Karibu kila kasoro nitakayoitaja hapa ni usumbufu tu pale imani hiyo inapokuwa kweli. Isipokuwa kweli, kasoro ileile inaweza kufunga biashara.

Kilichomo ndani

Chini ya Elasticsearch kuna Lucene, maktaba ya programu iliyoanzishwa na Doug Cutting mwaka 1999 na kuingia shirika la Apache mwaka 2001. Solr, iliyozaliwa ndani ya kampuni ya CNET mwaka 2004, imejengwa juu ya Lucene hiyohiyo. Elasticsearch yenyewe ilitolewa na Shay Banon Februari 2010, na OpenSearch ni tawi lake lililochepuka mwaka 2021. Kwa hiyo mengi nitakayosema kuhusu mmoja wa ukoo huu yanawagusa na ndugu zake.

Lucene inafanya kazi kama faharasa ya mwisho wa kitabu: neno linatangulia, kisha inafuata orodha ya mahali lilipo. Ukiingiza dokumenti yenye maneno "Shokomzoba ya mbele Noah SR50", inayakata maneno, inayageuza kuwa herufi ndogo, na chini ya kila neno inaandika namba ya dokumenti hiyo. Orodha hizi zinakaa kwenye mafaili yanayoitwa segmenti, na segmenti ikishaandikwa haibadilishwi tena. Kasi inatokana na hapo. Faili lisilobadilika halihitaji kufungiwa watu wengi wanapolisoma kwa pamoja, linabanwa vizuri, na mfumo endeshi unaweza kulishikilia kwenye kumbukumbu bila wasiwasi kwamba kesho litakuwa na kitu kingine.

Gharama yake ni kwamba hakuna kurekebisha. Ukipandisha bei ya kipuri kimoja kutoka shilingi 85,000 hadi 90,000, dokumenti nzima ya zamani inawekewa alama ya kufutwa na dokumenti nzima mpya inaandikwa kwenye segmenti nyingine. Ile iliyofutwa inaendelea kukalia diski mpaka segmenti kadhaa ziunganishwe, kazi inayoendelea chinichini. Kwa kitu kinachoandikwa mara moja na kusomwa mara elfu, hayo ni mapatano mazuri. Kwa idadi ya bidhaa zilizobaki stoo, inayobadilika siku nzima, unaandika upya jina, maelezo na orodha ya magari yanayoingiliana na kipuri hicho kwa sababu ya tarakimu moja.

Kinachowachanganya watu ni fildi iitwayo _source. Pamoja na kujenga orodha za maneno, Elasticsearch inaweka pembeni JSON yako, yaani maandishi ya data zako, kama ulivyoileta, na hiyo ndiyo unayorudishiwa. Kwa macho haina tofauti na rekodi ya hifadhidata. Ila ni fildi inayoweza kuzimwa kwa mpangilio mmoja tu, na ushauri wa kuizima ili kuokoa diski umezunguka mtandaoni miaka mingi. Aliyeufuata bila kuwa na hifadhidata nyuma amebaki na orodha za maneno yaliyokatwakatwa, bila maandishi yaliyozizaa.

Wateja wawili, jozi moja

Tuseme stoo imebaki jozi moja ya shokomzoba. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, anafungua programu, anaona "imebaki 1", anabonyeza kununua. Dakika hiyohiyo mwenzake wa Mwanza anaona vilevile naye anabonyeza.

Kitu kipya kilichoandikwa hakionekani kwenye utafutaji mpaka segmenti yake ifunguliwe kwa wasomaji, na kwa mpangilio wa kawaida hilo hufanyika kila baada ya sekunde 1. Kwa hiyo hata kama fundi wa Gerezani amemaliza kununua, orodha ya mwenzake inaweza kuendelea kusema 1. Cha ajabu, ukiisoma dokumenti ileile kwa kitambulisho chake unapata toleo jipya kabisa, lakini ukiitafuta unapata la zamani. Unaweza kuilazimisha ifungue segmenti kila unapoandika. Utaishia na segmenti ndogondogo nyingi zinazohitaji kuunganishwa, na mauzo yakichanganya, klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja, itaanza kuhema.

Tuseme umevuka hapo. Programu zote mbili zimesoma 1, zote zinataka kuandika 0. Kwa hili Elasticsearch ina kinga nzuri. Kila mabadiliko ya dokumenti yanapewa namba ya mfuatano, na unaweza kusema: andika tu ikiwa namba bado ni ile niliyoisoma. Wa pili atakataliwa, programu itamwambia bidhaa imeisha. Lakini kinga hiyo inaishia kwenye dokumenti moja. Oda ni dokumenti nyingine, na kumbukumbu ya malipo ya M-Pesa ni nyingine tena. Hakuna namna ya kuagiza kwamba zote tatu ziandikwe au isiandikwe hata moja. Programu ikizimika baada ya kupunguza stoo na kabla ya kuandika oda, jozi ile imetoweka vitabuni na mnunuzi hayupo.

Kwenye PostgreSQL kazi hiyo ni BEGIN na COMMIT, amri zinazofunga maandishi yote yaliyo kati yake kuwa kitu kimoja. Bila hizo, timu huanza kuandika vijiprogramu vya usiku: kimoja kinachosaka oda zisizo na malipo, kingine kinachorudisha stoo iliyopotea, cha tatu kinachosahihisha makosa ya viwili vya kwanza. Kidogokidogo wanajenga hifadhidata ya kwao bila kujijua, na ile ya kwao haina miongo ya watu kuijaribu.

Kisha anakuja mhasibu. Anauliza tuna bidhaa ngapi, anajibiwa 10,000. Kesho yake 10,000. Tangu toleo la 7.0 utafutaji wa kawaida huacha kuhesabu ukifika hapo, na jibu linakuja na alama ndogo inayosema "hizi au zaidi", ambayo aliyetengeneza ukurasa wa ripoti hakuiona. Akiuliza wateja wangapi tofauti walinunua mwezi huu, anapewa makadirio, kwa kuwa hesabu hiyo hutumia mbinu ya HyperLogLog++ inayoacha usahihi kidogo ili kuokoa kumbukumbu nyingi ya seva. Akitaka bidhaa kumi zinazouzwa zaidi, na data zimegawanywa kwenye vipande kadhaa, kila kipande kinaleta vinara wake na jumla inaweza kukosea. Haya yote yameandikwa wazi kwenye maelezo ya watengenezaji, na kwa utafutaji ni uamuzi wa busara. Mteja hajali kama majibu ni 14,212 au 14,230. Watu wa kodi, TRA, wanajali.

Je, data zinapotea kweli?

Sifa mbaya ya Elasticsearch ilitoka kwa Kyle Kingsbury, mtu ambaye kazi yake, chini ya jina la Jepsen, ni kukata mawasiliano kati ya seva za hifadhidata kwa makusudi na kuhesabu kilichopona. Juni 2014 alijaribu toleo la 1.1.0. Mtandao ulipogawanyika, klasta iliweza kupata viongozi wawili kwa wakati mmoja, kila upande ukiendelea kupokea maandishi na kujibu kuwa yamehifadhiwa. Mtandao uliporudi, sehemu ya maandishi hayo ilitupwa. Aprili 2015 alirudi na toleo la 1.5.0, akakuta limeboreshwa lakini bado linapoteza. Ushauri wake ulikuwa kuweka data kwenye hifadhidata yenye dhamana bora na kuilisha Elasticsearch kutoka huko mfululizo.

Matoleo yale yalikuwa na mpangilio wa idadi ya chini ya seva zinazotakiwa kukubaliana kabla ya kuchagua kiongozi. Kwa kawaida ulikuwa 1, yaani seva yoyote iliyojikuta peke yake ingeweza kujitawaza. Msimamizi alitakiwa kuweka zaidi ya nusu ya seva zake, na wengi hawakuweka. Tena, kumbukumbu ya maandishi ilisukumwa kwenye diski kila sekunde 5, kwa hiyo umeme ukikatika, sekunde zile chache zilizokwisha kupokewa na kuthibitishwa zingeweza kuondoka nao.

Anayetaja majaribio ya 2014 leo bila kusema kilichofuata anawaonea watengenezaji. Tangu 2.0 ya mwaka 2015 kila ombi linasukumwa kwenye diski kabla ya jibu. Toleo la 6.0, Novemba 2017, lilileta namba za mfuatano nilizozitaja. La 7.0, Aprili 2019, liliandika upya namna seva zinavyochagua kiongozi, safari hii muundo ukihakikiwa kwa hisabati kabla ya kuandikwa, na ule mpangilio wa kujiwekea idadi ukaondolewa. Klasta ya leo yenye seva tatu, iliyowekwa vizuri, haipotezi maandishi ovyo. Kama hoja yangu yote ingesimama juu ya kupotea kwa data, ningekuwa nimebaki na nusu ya hoja.

Siku ya kujenga upya

Nusu ya pili ndiyo nzito, nayo haihitaji hitilafu yoyote. Inakuja siku mfumo uko mzima kabisa.

Unapoingiza dokumenti ya kwanza bila kutaja aina za fildi, Elasticsearch inakisia. Kijana wa stoo anaingiza kipuri chenye "namba": 90915, imeandikwa kama tarakimu, basi fildi hiyo inakuwa ya namba kuanzia hapo. Wiki ijayo inakuja filta ya oili ya Toyota, 90915-YZZE1. Inakataliwa, kwa sababu ina herufi. Ukiwa unaingiza bidhaa kwa mafungu, kama inavyoshauriwa, jibu la fungu zima litarudi na alama ya mafanikio ya HTTP, 200, na ndani yake neno "errors": true, kisha orodha ndefu ambamo filta yako imekataliwa katikati ya mamia yaliyopita salama. Programu inayotazama ile 200 peke yake inaendelea na safari. Kama kuna hifadhidata nyuma, filta iko huko na utaigundua siku utakapolinganisha hesabu. Kama hakuna, filta hiyo haipo popote duniani isipokuwa kwenye rafu.

Ukishagundua, huwezi kubadilisha aina ya fildi iliyopo. Njia ni kutengeneza faharasa mpya yenye mpangilio sahihi na kuhamishia kila kitu. Na hii ndiyo dawa ya karibu kila jambo kwenye injini ya utafutaji. Umegawa data kwenye vipande vingi mno? Jenga upya. Unataka fildi isomwe kwa namna nyingine? Jenga upya. Umeshikwa kwenye toleo la zamani? Jenga upya.

Hilo la toleo lina meno. Elasticsearch inasoma na kuandika kikamilifu faharasa zilizoundwa na toleo kubwa lililopo au lililotangulia tu. Iliyoundwa kwenye toleo la 5 haifunguki kwenye la 7 hata kama uliipitisha la 6, mpaka uiandike upya. Na bakapu inafuata sheria hiyohiyo: ukitoa kabatini bakapu ya miaka sita iliyopita, huenda klasta mpya ikaikataa, ikabidi ufufue programu ya zama zile kwanza. Linganisha na faili la maandishi la pg_dump, zana ya bakapu ya PostgreSQL, ambalo hata likigoma mahali unalifungua kwa kihariri chochote na kusoma kilichomo. Waliokuwa wametumia dhana ya zamani ya Elasticsearch ya aina za dokumenti (types), wakiweka oda, wateja na bidhaa ndani ya faharasa moja kana kwamba ni majedwali, walipata msiba wao kuanzia 6.0, ilipoamuliwa kwamba faharasa mpya ina aina moja tu, hadi dhana yenyewe ikafutwa kabisa kwenye 8.0. Mtengenezaji wa hifadhidata asingethubutu kuwafanyia wateja wake hivyo. Mtengenezaji wa injini ya utafutaji anaweza, kwa sababu kwake kujenga upya ni kazi ya kawaida.

Sisi tunaotafuta kwa Kiswahili tunaguswa zaidi. Lucene inakuja na uchambuzi maalumu wa lugha nyingi, kuanzia Kiarabu na Kihindi hadi Kibasque na Kilatvia. Kiswahili hakimo. Uchambuzi wa kawaida unakata maneno na kupunguza herufi kubwa, basi. Haujui kwamba anayetafuta "vioo vya pembeni" anataka pia "kioo cha pembeni", wala kwamba magurudumu na gurudumu ni kitu kimoja. Lugha nyingi za Ulaya hubadilika mwishoni mwa neno, na zana zilizopo zinakata miisho. Sisi mabadiliko yetu yako mbele. Kwa hiyo utajaribu mwenyewe: utatenganisha ki- na vi-, utaweka orodha ya visawe vya shokomzoba, utavunja maneno kuwa vipande vya herufi tatu tatu, utaona majibu yameharibika, utarudi nyuma. Kila unapogusa uchambuzi unaofanyika wakati wa kuingiza data, faharasa nzima inatakiwa ijengwe upya. Mwenye asili ya data pembeni anafanya jaribio hilo bila hofu: akikosea anafuta na kuanza tena. Ambaye faharasa ndiyo nakala yake pekee hujaribu mara moja, hushikwa na woga, na utafutaji wake unabaki ulivyo. Kwangu hii ndiyo hasara kubwa kuliko zote, na haionekani kwenye ripoti yoyote ya hitilafu. Ulileta injini ya utafutaji ili utafutaji uwe mzuri, halafu umejifunga usiweze kuuboresha.

Januari 2013 GitHub, tovuti ambako watu huhifadhi msimbo wa programu zao, walizindua utafutaji mpya wa msimbo huo ukiendeshwa na Elasticsearch, na wiki za mwanzo hazikuwa na raha; klasta iligawanyika, viongozi wakawa wawili, huduma ikazimwa. Lakini msimbo wenyewe wa watu ulikuwa kwenye Git, mfumo tofauti wa kuuhifadhi. Kilichoharibika kilikuwa sanduku la kutafutia.

Tofauti hiyo ilionekana tena kwa namna mbaya zaidi Januari 2017, wahalifu walipoanza kupita kwenye mtandao wakifuta faharasa zilizoachwa wazi kwenye mlango wa mtandao wa 9200, unaotumiwa na Elasticsearch, na kuacha ujumbe wa kudai fidia, na tena Julai 2020, shambulio lililoitwa Meow lilipofuta maelfu ya hifadhidata bila kudai chochote, likiacha majina ya ovyo yaliyoishia na "-meow". Miaka mingi ulinzi wa nywila haukuwamo kwenye toleo la bure. Uliongezwa Mei 2019, na kuwashwa wenyewe kuanzia 8.0 mwaka 2022. Kifaa kilichodhaniwa kitakaa nyuma ya hifadhidata, ndani ya ukuta, kilikuwa kimewekwa mbele na watu waliokigeuza kuwa hifadhidata yenyewe.

Panapofaa, na bei ya kuwa na mifumo miwili

Kuna kazi moja ambapo kuweka data kwenye injini ya utafutaji peke yake ni sawa, nayo ni kumbukumbu za mifumo: logi za seva, vipimo, matukio. Zinaandikwa mara moja, hazirekebishwi, zinasomwa kwa kutafuta, na baada ya siku 30 zinafutwa. Ukipoteza dakika kumi za logi unasikitika, hufilisiki. Nusu ya umaarufu wa Elasticsearch ulijengwa na kazi hiyo. Nisichokubali ni kuchanganya humo kumbukumbu za ukaguzi, zile ambazo siku moja mahakama au Benki Kuu itaziomba. Hizo si logi hata kama zinafanana nazo.

Kwa mengine yote, lile swali la kikaoni bado linadai jibu, maana kuwa na mifumo miwili kweli kunauma. Kosa la kawaida ni programu kuandika kwenye hifadhidata, kisha yenyewe iandike kwenye Elasticsearch. Ya kwanza ikikubali na ya pili ikagoma, zimeachana, na hakuna atakayejua mpaka mteja apige simu. Njia nzuri ni programu iandike mahali pamoja tu, na kitu kingine kisome mabadiliko kutoka hapo. Debezium hufanya hivyo kwa kusoma kumbukumbu ya maandishi ya PostgreSQL au MySQL na kuyapitisha, kwa kawaida kupitia Kafka, mfumo wa kupitisha ujumbe. Duka dogo halihitaji mitambo hiyo. Kijiprogramu kinachoamka kila dakika na kuchukua bidhaa zilizobadilika tangu alama ya mwisho kinatosha, mradi bidhaa zinazofutwa ziwekewe alama badala ya kuondolewa kabisa, la sivyo hakitaziona. Na ukituma, tuma na namba ya toleo kutoka kwenye hifadhidata. Elasticsearch ina mpangilio wa kukubali toleo la nje, hivyo bei ya zamani iliyochelewa njiani haitafunika mpya.

Kuna swali ambalo ningeliuliza kabla ya hayo yote. Duka lina bidhaa ngapi? PostgreSQL ina utafutaji wa maandishi ndani yake tangu 8.3 ya mwaka 2008, na kiendelezi cha pg_trgm kinalinganisha maneno kwa vipande vya herufi tatu, kwa hiyo "shokamzoba" itaikuta "shokomzoba" bila msaada. Kwa bidhaa elfu hamsini, sioni kwa nini mtu aendeshe klasta ya seva tatu. Kwenye kile kikao, huenda mfumo wa kuondoa ni huo uliokuja baadaye.

Kwa waliokwisha kuingia

Kutoka kunawezekana, na kunafanyika mfumo ukiwa hewani. Hakikisha kwanza _source haikuzimwa. Kisha chota dokumenti zote kwa mpangilio usiobadilika, ukitumia picha ya wakati mmoja na kuendelea kutoka ilipoishia ya mwisho. Kurasa za kawaida hukomea 10,000. Ziandike kwenye mafaili ya maandishi, dokumenti moja kwa mstari, na uyahifadhi mafaili hayo mahali pa tatu kabla ya kugusa chochote.

Zipakie PostgreSQL zikiwa JSON kamili ndani ya safu moja ya jsonb, aina ya safu ya PostgreSQL inayohifadhi JSON, halafu toa fildi moja moja kuzipeleka kwenye majedwali yenye masharti: bei isiwe chini ya sifuri, kila oda iwe na mteja aliyepo, namba ya kipuri isijirudie. Hapa ndipo kazi itakapochukua muda, kwa sababu masharti yatakataa vitu ambavyo Elasticsearch ilivipokea kimya kimya miaka yote: bei zilizoandikwa "90,000/=", oda za wateja waliokwisha kufutwa, stoo ya hasi tatu. Usilegeze sharti ili mzigo upite. Weka vilivyokataliwa kwenye jedwali la pembeni na uvipitie na watu wa stoo, wao ndio wanaojua kipi ni kweli.

Halafu geuza mwelekeo: programu iandike PostgreSQL, na kijiprogramu kijenge faharasa mpya yenye jina jipya, ile ya zamani ikiendelea kuwahudumia wateja. Linganisha hesabu za pande mbili kwa amri ya kuhesabu, ambayo haikomei 10,000. Zikilingana, hamisha jina la utani linalotumiwa na programu kutoka faharasa ya zamani kwenda mpya. Ni amri moja, na mteja haoni kitu. Kisha futa faharasa hiyo mpya kwenye mazingira ya majaribio na uijenge tena kutoka PostgreSQL ukishika saa, ili ujue inachukua dakika ngapi. Andika muda huo kwenye maelezo ya mfumo, karibu na amri yenyewe.